Nusu ya Farasi

Mgodini, Welkom
5 Mei 1991

Mke wangu 'Malineo,

Amani kwako, kwa binti yetu Lineo, kwa mdogo wangu Pheello na mkewe 'Matumelo. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo unaujua.

Sitazunguka. Shimo letu linafungwa mwisho wa mwezi wa nane. Wanasema dhahabu imeshuka bei, basi na sisi tumeshuka nayo. Jumamosi bweni letu na bweni la ng'ambo ya uwanja walipigana kwa fimbo na visu, wakigombea nani apunguzwe kwanza, kana kwamba wao ndio wanaopunguza. Watu wawili walikufa. Mmoja aliangukia sufuria ya ugali jikoni, ikabidi tule mkate mtupu. Hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo muuzeni Tladi. Mwenyewe najua ninachosema. Nilitumia mwaka mzima wa likizo kumfundisha farasi yule, na nilitaka anipokee barabarani siku ya kurudi, nipande mlimani kama mwanaume. Lakini nikirudi mikono mitupu tutakula nini, tandiko?

Pheello ndiye amwonyeshe mnunuzi. Aonyeshe ule mwendo wake laini, unaweza kunywa chai juu yake. Halafu aonyeshe hatamu: ukizitupa mbele zikagusa chini, anasimama. Piga debe, piga mjeledi, piga hata bunduki sikioni, hatikisiki. Mchungaji akishuka kuokota mwanakondoo kwenye theluji, au akishuka kupigana, farasi wake yupo palepale. Bei yake iko hapo.

Ila nusu ya pili isitajwe mpaka kamba ibadilishe mkono. Hatamu zikishagusa chini hakuna kisigino wala fimbo ya kumwondoa. Lazima mtu ashuke, aziokote kwa mkono wake, ndipo aende. Baba aliuza hivyo na wote milimani kwetu tunauza hivyo. Anayekuja kama mnunuzi akarudi usiku kama mwizi, awe na nusu ya farasi tu.

Mume wako,
Motseki

*

Ha Ramatla
26 Mei 1991

Baba Lineo,

Barua imefika kwa mkono wa mtoto wa Kuili, mwenzako wa mgodini, ikiwa na mafuta ya samaki, lakini nimeisoma yote. Nimewasomea Pheello na 'Matumelo pia.

Soko limekufa. Tulimpeleka Tladi Semonkong siku ya mashindano, tukakuta farasi wengi kuliko watu. Kila aliyepunguzwa mgodini ameleta wake. Mmoja wa Ha Mofoka alibadilishana jike lenye mimba na gunia la unga na koti, na koti lenyewe halina kifungo. Watu wanapita wanamshika Tladi meno, wanatikisa kichwa, wanaenda kunywa pombe.

Aliyesimama ni Lekena peke yake, yule mwenye kondoo wengi wasiojulikana walizaliwa wapi. Pheello akamwonyesha mwendo. Lekena akasema, "Huyu farasi wenu anajua kusoma pia?"

Pheello akamjibu, "Anasoma, Baba. Ila sura yako haijaandikwa vizuri."

Watu wakacheka, na Lekena akacheka kuliko wote, sikukipenda kicheko kile. Kisha Pheello akatupa hatamu. Lekena akatoa bunduki fupi chini ya blanketi lake, akafyatua hewani karibu na sikio la Tladi. Farasi wote uwanjani walikata kamba. Mtoto mmoja alikanyagwa mguu. Tladi alifumba macho tu, akafumbua.

Pheello alishuka akiendelea na porojo, akaziokota hatamu kama mtu anayeokota kofia. Lekena hakuona kitu.

Akataja bei. Ni bei ya punda, Baba Lineo, sitaki hata kuiandika. Nikamwambia mafunzo yake yana thamani zaidi ya hapo. Akasema, "Mama, mimi nanunua miguu minne. Shule kaeni nayo."

Nimekataa. Kama nimekosea, niambie.

Mkeo,
'Malineo

*Kaka, ni mimi Pheello. Shemeji ameniachia mstari mmoja. Ungemwona Tladi bunduki ilipolia! Mimi mwenyewe nilitaka kukimbia. Rudi tumpande zamu kwa zamu.*

*

Mgodini, Welkom
16 Juni 1991

Mke wangu,

Hukukosea. Heri tule majani naye kuliko kumpa Lekena. Mwambie Pheello afunge zizi kwa mnyororo na alale karibu. Yule mtu hakufyatua ili kujaribu farasi. Alifyatua ili ajue. Binamu yake Sehlabo analala humu bwenini kwetu, vitanda vichache kutoka kwangu, na ameanza kuniuliza farasi wangu anakula nini. Nikamwambia anakula binamu za watu.

Jumatano dari lilishuka juu ya Tšolo, yule wa Quthing aliyekuwa anaimba. Tulimtoa vipande vipande. Nyapara alisimama na saa mkononi, akasema, "Haraka, jamani, zamu inapotea." Nilikuwa na koleo. Nilimwangalia, nikaliangalia koleo. Kuili akanishika kiuno kwa nyuma akanong'ona, "Bado wiki chache tu, mwanangu. Usife kwa ajili ya mjinga."

Maana wametangaza: atakayeondoka kabla ya shimo kufungwa hapati hata senti ya malipo ya mwisho. Awe amefiwa, awe mgonjwa, hapati. Nimekaa humu miaka kumi na nne. Basi nakaza meno.

Msiuze. Soko likiamka, kuna mtu mmoja mahali fulani atakayemwona Tladi na kumwelewa. Farasi kama yule anahitaji mtu mmoja tu.

Mstari wa Pheello ulinivunja mbavu. Mwachie mingine.

Motseki

*

Ha Ramatla
14 Julai 1991

Baba Lineo,

Kaa chini usome. Tladi aliibwa, na Tladi amerudi. Anza na hilo la pili.

Walikuja alfajiri, theluji ikianguka. Walikata mnyororo kwa msumeno wa chuma, wakachukua kondoo wote wa zizi la juu, na Tladi. 'Matumelo ndiye aliyepiga yowe la kwanza. Wanaume walitoka na fimbo na mablanketi, wengine bila viatu, wakafuata nyayo hadi kwenye mlango wa mlima, pale upepo unapopita. Wenzake Lekena waliwaacha kondoo wakatawanyika. Lekena alikuwa nyuma yao juu ya Tladi.

Aligeuka ili apige risasi. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye bunduki, kwa hiyo alitupa hatamu mbele, kama alivyoona Semonkong. Tladi akasimama. Lekena akafyatua. Kisha akapiga visigino aende zake.

Tladi hakwenda.

Alimpiga visigino, alimpiga kwa kitako cha bunduki shingoni, alimtukana mama yake. Wanaume walikuwa wanapanda mteremko wakimwona. Alipofahamu, akaruka chini kuokota hatamu, na fimbo ya kwanza ikampata akiwa ameinama.

Hawakuacha alipoomba. Hawakuacha hata alipokuwa haombi tena. Sisi wanawake tulifika nyuma, nami nilikuwa na jiwe mkononi. Sikulitumia. Hapakuwa na mahali palipobaki pa kupiga. Theluji ilikuwa nyekundu hadi kwenye kwato za Tladi, na yeye amesimama katikati ya yote akitoa mvuke puani, hatamu zikiwa bado chini.

Polisi walikuja siku ya tatu, wakauliza nani alipiga. Kijiji kizima kikasema, mimi.

Kaa hukohuko umalize muda wako. Usije sasa. Nakuomba sana, hata ukisikia nini, maliza kwanza.

'Malineo

*

Mgodini, Welkom
28 Julai 1991

Mke wangu 'Malineo, mke wa mfunza farasi!

Nimeisoma barua yako bwenini kwa sauti kubwa mpaka koo limekauka. Wakasema, soma tena pale alipopiga visigino. Nikasoma tena. Kuili alilia kwa kicheko. Nilipanda kitanda nikawaonyesha: mimi Lekena, kitanda Tladi, twende, twende, na kitanda hakiendi!

Unaona sasa? Nusu ya farasi! Wakati nilipokuwa namfundisha, jirani walisema nimerogwa, mtu mzima anaangusha kamba na kuokota kamba kutwa nzima. Sasa waje waseme.

Bei imepanda, nisikilize. Nchi nzima itasikia habari hii. Mtu akija, msitaje bei ninyi, mwacheni ataje yeye, kisha mcheke.

Sehlabo hakucheka. Alikaa kitandani kwake anafuta viatu. Nilidhani anaomboleza, nikamwacha.

Jambo moja. Mbona Pheello hajaandika mstari wake? Karatasi ilikuwa na nafasi chini. Mvivu yule, ndiye angenisimulia vizuri zaidi, maana najua alikuwa mbele ya wote. Mwambie kaka yake anadai mstari.

Na kwa nini unaniomba nisije? Nani alikuambia nakuja?

Motseki

*

Mgodini, hospitali
4 Agosti 1991

'Malineo,

Mwandiko ni mbaya kwa sababu ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia umeshonwa.

Jana niliisimulia tena habari yako. Wageni walikuwa wamekuja kutoka bweni lingine kusikiliza. Nilipofika pale pa kitanda, Sehlabo akainuka akasema, "Simulia yote, mwalimu wa farasi. Simulia ile risasi ilikwenda wapi."

Nikasema, "Ilikwenda na mama yako."

Akasema, "Ilikwenda kifuani kwa Pheello. Mdogo wako yuko chini ya udongo, na wewe unapanda kitanda unachekesha watu."

Nikamwita mwongo. Akataja siku mliyozika. Akataja ng'ombe aliyechinjwa, rangi yake. Akasema wewe na 'Matumelo mmenyoa vichwa. Kisha akasema, "Binamu yangu hakuwahi kumpiga mtu akiwa juu ya farasi anayekimbia. Hakuwa na shabaha. Mmemshikia farasi vizuri. Ahsanteni."

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Alikuwa na kisu, nikakishika kwa makali. Nilimpiga kwa buti ya chuma usoni, na aliendelea kucheka kwa meno yasiyokuwepo, nikampiga tena. Kuili na wengine walinivuta kwa miguu. Yu hai. Wanasema ataona kwa jicho moja.

Niandikie. Sitaki maneno ya kunilinda. Kama aliongopa, andika ameongopa. Kama hakuongopa, niandikie alipigwa akiwa wapi na ulisubiri nini kuniambia.

M.

*

Ha Ramatla
18 Agosti 1991

Baba Lineo,

Hakuongopa.

Pheello alikuwa mbele ya wote, kama ulivyosema. Alikuwa anapanda mteremko na fimbo yake, anapiga kelele, "Mwite jina! Mwiteni Tladi jina, ananijua!" Alikuwa karibu kiasi cha kumrushia mtu jiwe. Lekena alitupa hatamu, Tladi akasimama kama ukuta, na bunduki ikatulia. Risasi ilikuwa moja tu. Waliokuwepo wanasema Pheello aliketi kwanza, kama mtu aliyechoka, akanitafuta kwa macho, sikuwa nimefika. Alikufa kabla wenzake hawajamfikia Lekena. Ndiyo maana hawakuacha.

Nilificha. Uliandika mwenyewe kuwa aliyefiwa akiondoka hapati kitu. Nikahesabu: nyumba hii sasa ina mjane na watoto, na mwanaume mmoja. Ukija mapema na hasira, utaua watu wa Lekena, au watakuua, na miaka kumi na nne itabaki mgodini. Nikaandika nusu. Nimejifunza kwenu namna ya kuuza.

Sasa kuhusu farasi.

Ulisema kweli, nchi nzima imesikia. Tajiri mmoja wa mifugo kutoka bondeni alikuja na gari. Soko bado limekufa, farasi wanauzwa bei ya ngozi, lakini kwa Tladi alitaja bei ambayo sijawahi kuisikia ikitajwa kwa kitu chenye pumzi. Sikucheka. Akasema, "Kabla ya kulipa nataka kuona. Mtupieni hatamu, nami nitapiga bunduki." Alikuwa nayo garini.

'Matumelo alikuwa mlangoni, kichwa kimenyolewa, mtoto mgongoni. Alinipa mtoto. Alikwenda zizini, akamtoa Tladi, akazitupa hatamu chini mbele ya tajiri yule. Kisha akachukua fimbo ya Pheello iliyokuwa juu ya mlango.

Akampiga. Puani, shingoni, magotini. Alimpiga akisema, "Nenda! Siku ile ungekwenda! Nenda sasa!" Damu ilitoka puani kwa Tladi. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, ngozi inaruka kama maji ya kuchemka, na kwato hazikusogea hata kidogo. Tajiri alitaka kumshika, nikamwambia, "Mguse, utapigwa wewe." Akarudi garini. Nami sikumzuia 'Matumelo. Nilitaka ampige. Niseme ukweli wote: nilitaka kumpokea fimbo akichoka.

Fimbo ilivunjika. 'Matumelo akabaki na kipande mkononi, anahema. Tladi alikuwa anamwangalia, damu inadondokea hatamu. 'Matumelo akainama taratibu, akaziokota.

Tladi akatembea. Alimfuata hadi mtoni, nikawaona kwa mbali anamwosha pua kwa kitambaa chake cheusi.

Tangu siku hiyo hakuna mwingine anayemgusa. Tajiri ameniambia atarudi mwisho wa Septemba na bei yake ni ileile. Anataka kujua kama farasi anapona, na kama kuna jambo lolote zaidi analolijua. Nimjibu nini? Unga umebaki nusu gunia. Na 'Matumelo anauliza, siku ya kurudi kwako, akuletee Tladi barabarani kama ulivyotaka?

'Malineo

*

Mgodini, Welkom
1 Septemba 1991

Mke wangu 'Malineo,

Shimo limefungwa. Walimimina zege mdomoni mwake jana, tukatazama, hakuna aliyeimba. Malipo yamekatwa kwa ajili ya jicho la Sehlabo, ila kilichobaki kinatosha kufika Krismasi tukila kidogo. Sehlabo naye amelipwa. Tulisimama mstari mmoja, yeye mbele yangu na bandeji yake. Aligeuka akasema, "Umebaki na nani sasa?" Nikasema, "Na wewe je?" Hatukupigana. Mkono wangu wa kulia haukunjiki vizuri tena.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na sikukasirikia ulichoficha. Nilikasirikia ule mwaka wa likizo. Jirani waliniona naangusha kamba na kuokota kamba, na Pheello amekaa juu ya ukuta wa zizi anapiga debe ili farasi azoee kelele. Kila debe lililopigwa, alipiga yeye. Nusu tuliyoificha ndiyo iliyomshika mwizi. Nusu tuliyoionyesha ndiyo iliyomuua Pheello. Nimejaribu kuona ni ipi ningeiondoa, na kila nikiondoa moja, nyingine inabaki na damu.

Tladi ni wa 'Matumelo. Mbele ya chifu na mbele ya kila mtu. Akitaka kumpanda, ampande. Akitaka kumchinja, nitashika miguu.

Akitaka kumuuza, auze miguu minne. Tajiri akirudi, mwambieni farasi hajui kitu. Mwambieni pale mlimani alisimama kwa sababu alichoka, ni mnyama mvivu, ndiyo maana alipigwa. Ataje bei ya farasi wa soko hili. Ataje hata ile ya Lekena. Apokeeni, hesabuni, mpeni kamba, na msiseme neno jingine lolote. Kamba ikibadilisha mkono safari hii hakuna kitakachofuata. Ile shule nitakufa nayo.

Mwambie 'Matumelo asije barabarani. Basi litanishusha dukani asubuhi ya tarehe kumi na tano, na kutoka pale hadi nyumbani ni kutwa nzima kwa miguu, mgongo wangu ulivyo. Sitaki kukutana na mtu. Nitapita kwenye mlango wa mlima, nitakaa pale alipoketi, kisha nitashuka.

Wekeni maji ya kuoga na wembe. Na mimi sijanyoa bado.

Motseki